Sura ya Tano: Ngwe, Nyapara na Mwethya

Kusimamia watu kazini huchanganywa mara nyingi na kusimamia kazi yenyewe, ingawa mtu aweza kuwa hodari katika jambo moja kati ya hayo mawili na asifae kabisa katika lile jingine. Anayesimamia kazi huhesabu magunia, hupima ukuta kwa timazi na huhakikisha kwamba dawa zilizoagizwa ndizo zilizopokelewa, ilhali anayesimamia watu hushughulika na binadamu wanaochoka, wanaoficha makosa, wanaolinganisha mishahara yao na ya wenzao, na ambao hata wakikaa kimya wana maoni yao kuhusu yule anayewaamuru. Kwa sababu tofauti hiyo haionekani kwa urahisi, waajiri wengi humpandisha cheo fundi aliyewapita wenzake kwa ustadi, wakamfanya mkubwa wao bila kumfundisha lolote kuhusu kazi hiyo mpya, kisha baada ya mwaka wakashangaa kwamba fundi wamempoteza na msimamizi hawajampata.

Sura hii inalitazama suala hilo kutoka Matiliku, mji mdogo wa soko katika eneo la Nzaui, Kaunti ya Makueni, ambako waandishi wa vitabu vya usimamizi hawajazoea kuchukua mifano yao. Sehemu za kazi za huko ni za kiasi: hospitali ya kaunti ndogo, shule, ofisi za serikali, maduka ya pembejeo na ya vifaa vya ujenzi, na, kwa wanaokwenda hadi Kalamba, kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda ambacho shughuli zake hupanda na kushuka kwa kufuata msimu wa maembe. Katika sehemu nyingi za namna hii mkubwa wa kazi ana watu watatu, kumi au thelathini chini yake, wala mlango wa ofisi haumfichi, kwa kuwa atakutana nao kanisani Jumapili, atachanga nao katika matanga ya jirani, na si ajabu mlinzi wa lango lake akawa mzee wa ukoo wa mkewe ambaye, nje ya lango hilo, ndiye mwenye haki ya kupewa kiti kwanza. Kanuni zilizotungwa kwa ajili ya kampuni zenye maelfu ya waajiriwa wasiojuana haziwezi kuhamishiwa huko jinsi zilivyo. Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Makueni imo, kuna hata hivyo historia yake yenyewe ya kusimamia kazi za watu wengi, iliyoandikwa kwa kina kuliko ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na dai la sura hii ni kwamba historia hiyo ina jibu linalofaa ofisini sawa na shambani: watu hufanya kazi vizuri pale ambapo kipimo cha kazi kimejulikana na kukubaliwa kabla jembe halijainuliwa, na ambapo yule anayepima naye anabanwa na kipimo hicho hicho.

Urithi wa maneno

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayomtaja mkubwa wa kazi, nyapara ndilo lililosafiri mbali na kubadilika tabia njiani. Asili yake ni Unyamwezi, ambako wanyampara walikuwa watu wazima wenye heshima, wakuu wa vikundi na washauri wa watawala, na katika misafara ya karne ya 19 iliyobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani jina hilo lilikuwa la kiongozi wa kundi la wapagazi, mtu aliyetembea nao, akala nao na kuwasemea kwa mwenye msafara palipokuwa na manung'uniko. Mashamba ya mkonge na ya kahawa yalipoanzishwa chini ya wakoloni, neno lilichukuliwa lakini kazi ikageuzwa, kwa maana nyapara sasa aliwasemea wenye shamba kwa wafanyakazi, alianza siku kwa kugawa kazi na kuimaliza kwa kuamua nani amestahili kuhesabiwa siku yake. Leo neno hilo hutumika hata gerezani, kwa mfungwa anayewekwa juu ya wafungwa wenzake, na hakuna meneja wa Kenya anayependa kuitwa hivyo.

Pamoja na nyapara kulikuwa na kipande, neno lililokuwa na maana mbili ambazo wafanyakazi walizijua zote. Kwanza kilikuwa kadi ya kibarua, iliyowekewa alama kwa kila siku aliyofanya kazi hadi zitimie siku 30 ndipo alipwe, na pili, nchini Kenya, kilikuwa cheti cha usajili ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba kuanzia mwaka 1920 hivi, mara nyingi ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mtu ambaye siku yake ilikataliwa na nyapara jioni alikuwa ametoa jasho la bure, na hakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko.

Neno la tatu, ngwe, ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa sura hii. Ngwe ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu mmoja ili akilime au akipalilie, na neno lenyewe lina undugu na ugwe, yaani uzi au kamba nyembamba, jambo linalokumbusha namna sehemu hizo zilivyopimwa. Ni rahisi kuiona ngwe kama chombo cha unyonyaji, na mara nyingi ilikuwa hivyo, kwa sababu aliyeshika kamba aliweza kuirefusha. Lakini ngwe ilikuwa pia kinga ya kibarua, kwa kuwa ilimwambia siku yake inaishia wapi, na aliyeimaliza kabla ya jua kuwa kali alikuwa na haki ya kwenda nyumbani kwake bila kuulizwa. Mfanyakazi asiye na ngwe, ambaye kazi yake huisha mkubwa wake anaporidhika, hana namna ya kujua kama amefanya vya kutosha, na wafanyakazi wengi wa ofisi za siku hizi, wenye viti vya kuzunguka na kompyuta, wako katika hali hiyo.

Matuta ya Machakos

Wilaya ya Machakos, ambayo hadi 1992 ilijumuisha pia eneo la Makueni, ilikuwa katika miaka ya 1930 mahali palipowatia maofisa wa kikoloni wasiwasi mkubwa. Ukame ulikuwa umefuatana, malisho yalikuwa yamekwisha, na mvua iliponyesha ilibeba udongo na kuupeleka mitoni, hata Colin Maher, ofisa wa serikali wa hifadhi ya udongo, akaandika mwaka 1937 kwamba nchi hiyo ilikuwa inaelekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Mojawapo ya hatua zilizochukuliwa ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mnamo Julai 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwenda Nairobi kudai ng'ombe wao, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa, na ingawa yeye mwenyewe alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, serikali iliacha kuwachukua ng'ombe hao kabla ya mwaka kuisha.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili nguvu zilielekezwa kwenye matuta. Machifu waliagizwa kuwatoa watu asubuhi kadhaa za kila wiki kwenda kuchimba, asiyefika alitozwa faini, na mahali pa kuchimba palichaguliwa na ofisa. Wakulima wengi waliamini kwamba shamba likishapimwa na serikali litachukuliwa, na wako waliojilaza mbele ya matrekta yaliyoletwa kuwasaidia. Matuta yaliyotokana na kazi hiyo yalikuwa membamba, yenye kuhitaji kuchimbuliwa upya mara kwa mara, na mengi yalibomoka. Ofisa aliyepita na kuhesabu urefu wa mitaro aliweza kuandika takwimu za kupendeza katika ripoti yake, kwa sababu mtu anayechimba shambani mwa mwenzake chini ya macho ya askari wa chifu huchimba kina kinachomtosha askari, na askari hajui maji yatapita wapi mvua ya Novemba ikija.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, pale maofisa wa maendeleo ya jamii walipokubali kuitumia mwethya badala ya amri. Mwethya ni jina la Kikamba la kikundi cha majirani wa utui mmoja, yaani mtaa mmoja wa kijijini, wanaofanyiana kazi nzito kwa zamu, leo kwa huyu na juma lijalo kwa yule, mwenye shamba akiwa na wajibu wa kuwalisha siku yake. Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko serikali yoyote ya Kenya. Lililokuwa jipya ni kwamba vikundi viliruhusiwa kuchagua viongozi wao wenyewe, wengi wao wakiwa wanawake kwa kuwa waume walikuwa wameajiriwa Nairobi na Mombasa, na vikapewa nafasi ya kuamua shamba lipi litangulie na tuta la aina gani lichimbwe. Wengi walilipendelea tuta linaloitwa fanya juu, ambalo huchimbwa kwa kufuata usawa wa mlima na kurushia udongo upande wa juu wa mtaro badala ya upande wa chini. Kurusha udongo juu ni kazi ngumu zaidi, lakini ukingo unaojengeka hushika udongo unaoteremka na mvua, na baada ya misimu kadhaa shamba la mteremko hugeuka kuwa ngazi za ardhi tambarare. Kwamba watu walioitoroka kazi nyepesi ya chifu walijichagulia wenyewe iliyo ngumu zaidi ni jambo ambalo kila meneja anayelalamika kuhusu uvivu wa wafanyakazi wake angefaa kulitafakari kabla ya kulalamika tena.

Asubuhi moja ya mwethya inaonyesha jinsi utaratibu huo unavyoendeshwa. Kikundi kinapofika shambani, mstari wa mtaro huwa umekwisha kuchorwa, kisha sehemu za kila mmoja hupimwa kwa hatua au kwa kamba mbele ya macho ya wote, na palipo na mwamba au ardhi ngumu sehemu hufupishwa baada ya mabishano ambayo hayachukui muda kwa sababu kila aliyepo anaijua ardhi hiyo na jembe lake limewahi kuigonga. Kiongozi naye huchukua sehemu. Anayechelewa hutozwa kidogo, anayekosa hutakiwa kuleta mtu mwingine au kulipa, na anayekosa mfululizo huona zamu ya shamba lake ikisogezwa nyuma, adhabu inayouma kuliko fedha. Mwenye mtoto mchanga hupewa kazi ya jikoni au ya kuteka maji na huhesabiwa kuwa amefika. Elinor Ostrom, mtaalamu wa Kimarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha katika utafiti wake juu ya misitu, maji na malisho ya pamoja katika nchi mbalimbali kwamba jumuiya zinazodumu ni zile zinazojitungia kanuni, zinazochungana zenyewe na zinazoadhibu kwa ngazi, kidogo kwanza na zaidi baadaye. Wanawake wa Nzaui wangeyasoma maelezo hayo bila kushangaa.

Uhuru ulipokuja, shuruti ilikoma na kwa miaka michache matuta mengi yaliachwa. Baada ya hapo, bila ya chifu wala faini, watu walirudi kuchimba, na picha za kutoka angani zinaonyesha kwamba mashamba yenye matuta yaliongezeka. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliochapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu wilaya hiyo mwaka 1994, walikuta kwamba idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu 1,400,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado ardhi ilikuwa katika hali bora kuliko ile iliyomtisha Maher. Wako watafiti waliowapinga, wakisema kwamba nafuu hiyo haikuwafikia wote sawa, na pingamizi hilo lina uzito.

Ni kosa pia kuipa mwethya sifa yote. Waafrika wa Machakos waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1950, soko la mboga na matunda la Nairobi lilikua, na mishahara ya mjini ilinunua majembe na mbegu, kwa hiyo aliyechimba tuta alikuwa anaona fedha mwisho wa mtaro. Meneja anayeiga nyimbo na umoja wa mwethya huku akisahau kahawa atakuwa ameiga sherehe tu.

Kutoka shambani hadi wodini

Mfano wa ngwe katika kazi ya mshahara ni karatasi ya zamu. Katika hospitali ndogo ya aina inayopatikana Matiliku, muuguzi anayesimamia wodi huandika kila mwezi nani atafanya kazi mchana, nani usiku na nani atapumzika, na karatasi hiyo, iliyobandikwa ukutani kwa plasta ileile inayofungia vidonda, ina nguvu juu ya maisha ya wauguzi kuliko waraka wowote unaotoka Wote, makao makuu ya kaunti. Kwa kuisoma, mama hujua siku za kumwacha mtoto kwa nyanya yake, na anayejenga hujua siku ya kuwa kwenye kiwanja fundi anapomwaga zege. Karatasi ikitoka mapema na ikaheshimiwa, malalamiko hupungua hata pale ambapo wauguzi hawatoshi. Muuguzi anayepigiwa simu saa kumi na moja jioni kuambiwa kwamba usiku huo ni wake atafika, kwa sababu wagonjwa hawana kosa, lakini akipigiwa mara ya tatu ataanza kuizima simu yake jioni, na msimamizi atamwita mkaidi bila kuona kwamba kamba ya kupimia ilikatwa na mkono wake mwenyewe.

Hapa inafaa kumtaja Frederick Taylor, mhandisi wa Kimarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1911 ndicho chanzo cha mengi yanayoitwa usimamizi wa kisayansi, yaani kuipima kila hatua ya kazi kwa saa na kuweka kiwango kimoja kinachopaswa kufikiwa. Taylor alidai kwamba vibarua wa kupakia chuma katika kiwanda cha Bethlehem walipanda kutoka tani 12 na nusu kwa siku hadi zaidi ya 47 kwa kufuata maelekezo yake, na baadaye wanahistoria wameitilia shaka hadithi hiyo. Taylor hakukosea kutaka kipimo. Alikosea kuamini kwamba kipimo ni siri ya mtaalamu, kwamba mwenye koleo hana la kuchangia, na kwamba anayepima hapaswi kupimwa. Mwalimu mkuu anayedai maandalio ya somo ya kila juma kutoka kwa walimu wake, huku ratiba ikionyesha kwamba yeye ana vipindi vitatu ambavyo havifundishi, anafuata nyayo za Taylor hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Kipimo kinaharibika pia kikiwa na wenyewe wawili. Mpishi wa shule aliyeambiwa na naibu mwalimu mkuu kwamba chakula kiwe tayari saa saba kamili, na mhasibu kwamba kuni zisizidi mzigo mmoja kwa siku, amepewa ngwe mbili zinazogongana, na lolote atakalochagua litamkosesha mmoja wao. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na aliyemo chomboni ndiye anayelowa. Dawa yake ni ya kawaida, nayo ni wakubwa hao wawili kukaa na mpishi mezani mara moja, wakaulizana gunia la githeri huivishwa na kuni kiasi gani, kwa maana jibu la swali hilo analo yeye peke yake.

Kundi jingine linalostahili kuangaliwa ni wahudumu wa afya ya jamii, wanakijiji wanaozitembelea kaya za jirani zao kupima watoto, kuwakumbusha wajawazito kliniki na kuwapeleka wagonjwa hospitalini. Kwa miaka mingi walifanya hivyo kwa kujitolea, hadi Septemba 2023 serikali ya Kenya ilipowazindua upya, 100,000 nchi nzima, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Anayewasimamia hawezi kuwatumia kama waajiriwa, maana posho hiyo haitoshi kumfunga mtu, wala hawezi tena kuwaita watu wa kujitolea, maana sasa kuna fedha ambayo ikichelewa huulizwa. Wako katikati ya mwethya na mshahara, na msimamizi wao hana budi kuujua mpaka huo.

Mpaka wenyewe ndio unaovukwa vibaya zaidi kazini. Mwethya ilikuwa ya haki kwa sababu kazi ilirudi: aliyechimba kwa jirani alichimbiwa. Mwajiri anayewaomba wafanyakazi wabaki hadi usiku bila malipo kwa moyo wa umoja hatakwenda kuchimba kwao Jumamosi, na kwa hiyo anachokiomba ni sadaka. Wako mameneja ambao wafanyakazi wao ni familia siku ya kazi ya ziada na ni waajiriwa siku ya mshahara, na lugha hiyo ya undugu, ambayo Ukambani ina uzito wa kweli, huchakaa haraka ikitumiwa namna hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeliona jambo hilo kwa upande wa vibarua, ikasema katika kifungu cha 37 kwamba kibarua wa siku anayefanya kazi mfululizo kwa muda wa jumla usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na haki zake huanza kukua. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi yana kijana anayeitwa wa kibarua ambaye amefungua mlango wa duka kila asubuhi kwa miaka miwili.

Kosa linapotokea

Kipimo kikishajulikana, kosa nalo linajulikana, na meneja hupimwa kwa namna anavyolishughulikia. Katika mji ambapo watu wanajuana kuna vishawishi viwili, navyo vinakwenda kinyume: kunyamaza kwa sababu aliyekosa ni mtu wa nyumbani, na kumkemea hadharani ili wengine wasione kwamba anapendelewa. Kunyamaza huwaumiza waliofanya kazi vizuri. Kukemea hadharani, hasa mdogo kwa umri anapomkemea mkubwa, huhamisha jambo kutoka kazini hadi kwenye ukoo, na huko halitasuluhishwa kwa barua ya onyo. Mkubwa wa kazi mwenye umri wa miaka 30 anayelazimika kumwonya mlinzi wa miaka 60 atafanya vyema kumwamkia kwanza ipasavyo, kumwita pembeni, kulitaja kosa kwa siku na saa yake, kisha kunyamaza ili mzee aseme lake. Heshima hiyo haipunguzi onyo, nayo humwezesha mzee kulipokea.

Sheria ya Kenya inaelekea huko huko. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa utendaji duni au kwa kushindwa kimwili, amweleze sababu katika lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na ayasikilize majibu yake. Maneno kuhusu lugha si pambo, kwa kuwa mtunza bustani aliyesomewa barua ya Kiingereza akatikisa kichwa kwa adabu hajaelezwa kitu, na Kikamba kinatosha kabisa kwa shughuli hiyo. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kumwamuru mwajiri aliyeikiuka sheria alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, na waajiri wengi wameshindwa kesi wakiwa na sababu nzuri ya kumfukuza mtu, kwa kuwa tu hawakumsikiliza.

Ugumu unabaki mahali pamoja. Kiongozi wa mwethya alichaguliwa na aliweza kuondolewa, lakini meneja huteuliwa kutoka juu, na walio chini yake hawana kura. Kaunti ya Makueni, katika miaka ya ugavana wa Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, ilijaribu kuliziba pengo la aina hiyo katika miradi ya umma kwa kuichagulia miradi hiyo kamati za wananchi wa mahali husika, mkandarasi akilipwa baada ya kamati kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Mwashi anayejua kwamba ukuta wake utaguswa na mama atakayejifungulia ndani ya chumba hicho hupima saruji kwa namna nyingine. Ndani ya ofisi hakuna kamati ya namna hiyo, na wafanyakazi hawatii sahihi popote kuthibitisha kwamba wamesimamiwa vizuri, kwa hiyo kipimo cha meneja hana budi kukiweka mwenyewe mahali ambapo wote wanakiona. Msimamizi wa Matiliku anayeusoma ukurasa huu na aanze na karatasi ya zamu iliyo ukutani mwake, atazame kama jina lake limo, na kama usiku wa mkesha wa Krismasi umewahi kuwa wake.